Taru Si Jangwa, Taru Ni Njia ya Bomba

Kuna mto unaopita Taru masika na kiangazi, mchana na usiku, na hakuna mtoto wa Taru aliyewahi kuuogelea. Kama umewahi kupanda basi la Mombasa kwenda Nairobi, basi nawe umeupita. Ni pale baada ya Samburu, kabla ya Mackinnon Road, ambapo wengi wenu huwa mmeshalala au mnalalamika kwamba mtandao umekata. Mto huo ni bomba.

Maji yake yanatoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Mvua inayonyesha kwenye milima ya Chyulu haikai juu. Inazama ndani ya miamba ya volkano, inatembea chini kwa chini, halafu inafumuka Mzima ikiwa safi kiasi kwamba watalii wamejengewa chumba chini ya maji, cha kutazamia samaki na viboko. Zaidi ya lita milioni 200 hutoka hapo kila siku. Sehemu kubwa huingia mto Tsavo, unaokutana na Athi ukawa Galana, na ukikaribia Malindi watu wanauita Sabaki. Sehemu nyingine, karibu lita milioni 35 kwa siku, huingia kwenye bomba lililojengwa na serikali ya mkoloni miaka ya 1950. Bomba hilo linashuka karibu kilomita 220 kwa nguvu ya mteremko mpaka Mombasa. Linapita Voi, Maungu, Mackinnon Road, Taru, Samburu, Mariakani.

Nimeliita mto makusudi, na sitaki mchezo wa maneno hapa. Ukizaliwa kando ya mto, una haki ambayo hakuna mtu anahitaji kukuandikia. Unashuka na mtungi wako, unachota, unapanda. Aliye chini yako anangoja maji yamfikie baada yako, na hakuna anayekuita mwizi. Sasa chukua maji yaleyale, yafunge ndani ya chuma, uyapitishe nyuma ya boma la mtu huyohuyo. Ghafla yule aliyekuwa mkazi wa kando ya mto anaitwa mhalifu. Kila baada ya muda tunasikia operesheni imefanywa, polisi wamekuja na mafundi, maungio haramu yamekatwa, watu wametiwa mbaroni. Na redioni msomaji habari anatamka "wezi wa maji" bila hata kumeza mate.

Sitetei kutoboa bomba. Anayetoboa bomba usiku ili ajaze bauza na kuuza mitungi kwa bei ya kuruka ni tapeli kama matapeli wengine, na wa kwanza kuumia ni jirani yake. Ninachouliza ni kwa nini kumkamata mtu wa Taru akichota maji imekuwa rahisi kuliko kumpa.

Tuanze na neno jangwa, kwa sababu hilo ndilo linalofanya kazi chafu.

Fungua ramani nyingi za Kiingereza utaona eneo letu limeandikwa kwamba ni jangwa la Taru. Nilipokuwa chuo kikuu, kabla karo haijanitoa, mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nia njema kabisa, "Sasa nyinyi huko jangwani mnaishi vipi?" Alidhani tuna ngamia. Nikamwambia nyumbani tunalima mahindi, kunde na pojo, tunafuga ng'ombe na mbuzi, na mvua ikikubali tunakula mpaka tunasaza. Akaniangalia kana kwamba namtania.

Jina hilo halikutoka kwa Waduruma wala kwa Wakamba wanaoishi hapa. Lilitoka kwa watu waliokuwa wakipita. Mmisionari Rebmann alivuka nyika hii mwaka 1848 akielekea Kilimanjaro. Joseph Thomson akavuka mwaka 1883 akielekea Umasaini. Misafara ya pwani ilikuwa ikivuka miaka mingi kabla yao. Wote walijua kitu kimoja: ukifika Taru, tafuta ngurunga. Ngurunga ni mashimo kwenye mwamba, yanayoshika maji ya mvua na kuyahifadhi muda mrefu baada ya mvua kukatika. Wasafiri walikunywa humo, wakaendelea na safari, kisha wakaenda kuandika kwamba pale mahali ni pakavu. Nani aliwaonyesha hayo mashimo? Wenyeji walioyajua, wanaoishi palepale wanapoitwa jangwani.

Halafu ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na reli ilipoingia nyika ya Taru maelfu ya vibarua walihitaji maji ambayo ngurunga zisingetosha. Maji yakaletwa kwa treni. Hapo ndipo kiu ya kibarua wa reli ikageuka kuwa tabia ya ardhi yetu. Mgeni aliona kiu kwa wiki chache akapaita jangwa, na miaka mia na ushee baadaye afisa mwenye kiyoyozi analitumia neno lilelile kuelezea kwa nini bajeti haikufika.

Maana ukishasema jangwa, umemaliza. Ukosefu wa maji unakuwa kazi ya Mungu. Hakuna wa kuulizwa, hakuna tenda iliyopotea, hakuna mpango ulioruka kijiji. Ni jangwa, bana, mlitaka nini? Kabla ya hapo tuliitwa Wanyika, watu wa porini, mpaka wazee wetu wakalikataa jina hilo na kujiita Mijikenda. Wanyika limekufa, ila jangwa bado linatembea na suti.

Haya, Taru ni nini basi? Taru ni nchi ya mwamba wa mchanga, nchi kame yenye misimu miwili ya mvua isiyoaminika. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano mfululizo ilifeli, na mizoga ya ng'ombe ikatapakaa kuanzia Kinango mpaka mpakani. Halafu mwisho wa 2023 ikaja El Niño, na barabara zilezile zilizokuwa vumbi zikakatika kwa mafuriko. Mahali ambapo ng'ombe anakufa kwa kiu mwaka huu na daraja linasombwa mwaka huohuo, shida si kwamba maji hayapo. Shida ni kwamba hakuna aliyeyawekea mahali pa kukaa.

Mito tunayo. Haitiririki mwaka mzima, lakini ni mito. Inakuja kwa kishindo saa chache au siku chache, inaondoka, na inaacha mchanga. Chini ya mchanga huo maji yanabaki. Nyanya yangu na wenzake walikuwa wakichimba kwa mikono na kata, wanangoja maji yajikusanye taratibu, wanachota kikombe kwa kikombe. Mchanga wa mtoni ni tangi. Unachuja maji na unayaficha jua lisiyakaushe. Wakamba wa Machakos, Makueni na Kitui wameijengea elimu hiyo ukuta: unazuia mto wa msimu kwa saruji na mawe, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanajaa ndani ya mchanga, na kiangazi unachota kwa pampu ya mkono. Si teknolojia ya kusubiri kutoka Ulaya. Iko saa chache kwa matatu kutoka hapa.

Sisi badala ya kuzuia mchanga tunauuza. Malori yanashuka mitoni Kinango yakiwa matupu, yanapanda yamejaa, na mchanga wetu unakwenda kuwa ghorofa Nyali na Bamburi. Kijana anayepakia analipwa ya siku. Mto unabaki mwamba mtupu, na mvua ijayo inapita juu yake kama inavyopita juu ya lami. Simlaumu yule kijana, maana ana njaa na ana watoto. Namlaumu anayekusanya ushuru wa kila lori na asirudishe hata mfuko mmoja wa saruji mtoni.

Na kabla hujaniambia "chimbeni visima", tazama ramani tena. Kuna mahali kati ya Mariakani na Samburu panaitwa Maji ya Chumvi. Jina hilo si ushairi. Ndivyo maji ya ardhini yalivyo sehemu nyingi za huku. Mfadhili anakuja, anachimba kisima, anakata utepe, anapiga picha na watoto wanaocheka. Miezi michache baadaye maji yanakunywewa na mbuzi peke yao, na hata mbuzi wanafikiria mara mbili. Kibao cha mfadhili kinadumu kuliko pampu.

Kwa hiyo tunabaki na malambo na mabomba. Lambo ni zuri mvua ikinyesha. Kiangazi kikizidi, ng'ombe, punda, watu na ndovu kutoka Tsavo Mashariki wanalitegemea lambo moja, na kati ya hao wanne ndovu hajawahi kupanga foleni. Anayekwenda lamboni alfajiri ni mama au binti. Tukisoma habari za "mgogoro wa binadamu na wanyamapori" tukumbuke kwamba mara nyingi mgogoro huo ni mtungi wa lita ishirini.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana tukilia bila hesabu tunaambiwa tunapiga siasa.

Sisemi hakuna hata tone la Mzima linalobaki njiani. Miji ya kando ya barabara inapata kidogo, kwa zamu, kukiwa na presha, na vioski vipo. Lakini ondoka kwenye lami kilomita chache kuelekea Chengoni, Makamini au Kilibasi, halafu niulize tena kuhusu vioski. Tuchukue mfano. Tuseme watu 20,000 wa vijiji vya kando ya bomba, kila mmoja apewe lita 50 kwa siku. Si maji ya kumwagilia maua. Ni ya kunywa, kupika, kuoga na kufua. Hiyo ni lita milioni 1 kwa siku. Bomba linabeba karibu milioni 35. Tunaongelea chini ya asilimia 3.

Wahandisi watasema ukitoa maji njiani unaua presha. Sawa, presha ni kitu cha kweli. Lakini bomba la kilomita 220 linaloteremka kutoka bara si kitu kinachojiendea tu. Kuna matangi, kuna valvu, kuna watu kazi yao ni kupima presha. Na ikiwa tone moja njiani ni hatari hivyo, mbona hatuoni uchungu huohuo kwa yanayopotea mwisho wa safari? Ripoti za WASREB, wasimamizi wa huduma za maji nchini, zimekuwa zikituambia mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji Kenya hayalipiwi: yanavuja, yanaibiwa, au mita hazisomi. Asilimia 40 kupotea mijini ni "changamoto". Asilimia 3 kunywewa Taru ni "tishio kwa mfumo".

Wazee wanasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Hii asilimia 3 kwa Mombasa ni maji ya kifuu. Kwa Taru ni bahari.

Hoja nyingine ninayoisikia, na hii inaniudhi zaidi, ni kwamba watu wa mashambani hawalipi maji. Kwani tunakunywa bure? Mtungi wa lita 20 ukiletwa na bodaboda kwa shilingi 20, mita moja ya ujazo, yaani mitungi 50, inafika shilingi 1,000. Kiangazi bei inapanda, hiyo ishirini unaikumbuka kwa hamu. Hakuna nyumba Nyali yenye bwawa la kuogelea inayolipia maji ya mfereji kwa bei hiyo. Maskini wa Taru ni mteja bora kuliko tajiri wa mjini: analipa taslimu, analipa mapema, na hajawahi kupewa bili akaandika barua ya kulalamika. Kilichokosekana ni mfereji wa kumlipia.

Na tusidanganyane kwamba maji ya Kwale hayawezi kushikwa haraka. Nenda upande wa pili wa kaunti, Msambweni. Mto Mkurumudzi unatoka milima ya Shimba na kumwaga baharini karibu na Gazi. Kampuni ya madini ya Base Titanium ilipotaka kuchimba mchanga mzito, ilihitaji maji mengi ya kuosha na kutenganisha madini. Bwawa likajengwa juu ya Mkurumudzi. Meli ya kwanza ya madini iliondoka Likoni mapema 2014, na bwawa lilikuwa limeshatangulia. Uchimbaji ukaendelea mpaka mwisho wa 2024, ukafungwa. Mgodi mzima umezaliwa, umekua, umezeeka na umezikwa, na katika muda huo wote kuna vijiji vya Kinango ambavyo bado vinafanyiwa "upembuzi yakinifu". Sina neno na bwawa la mgodi. Lilinifunza kwamba maji hujengewa haraka pale ambapo kuna kitu kinachokwenda kupakiwa melini.

Hapo ndipo Taru ilipo kwenye fikra za nchi hii. Taru ni mahali pa kupitia. Reli ya mkoloni ilipita. Barabara kuu inapita. Bomba la mafuta la Mombasa kwenda Nairobi limekuwa likipitia ukanda huuhuu tangu 1978. Nguzo kubwa za umeme zinapita juu ya nyumba zinazowasha koroboi. Treni ya SGR ilizinduliwa mwaka 2017, inapita kwa kasi na haisimami Taru. Madereva wa malori husimama Mackinnon Road kwenye msikiti wa Seyyid Baghali, wakaomba dua wafike salama, na hata hiyo ni heshima kwa marehemu. Sisi walio hai tunapungiwa mkono.

Sasa najua kuna msomaji wa Mombasa ameshakunja uso. Unasema, wewe, mbona unatugombanisha? Sisi wenyewe Kisauni mfereji unatoa upepo. Tunanunua maji kwa mkokoteni, visima vyetu vina chumvi, tunaamka saa tisa usiku kukinga maji yasiyokuja.

Najua, ndugu yangu. Nimeishi Likoni, nimebeba hiyo mitungi. Mombasa si adui wa Taru. Mji wa kisiwani uliozungukwa na maji ya bahari lazima ulete maji ya kunywa kutoka mbali: Mzima, Baricho kwenye mto Sabaki, chemchemi za Marere kwenye milima ya Shimba, visima vya Tiwi. Na tazama kichekesho cha jiografia: maji ya Baricho nayo, sehemu yake, yametoka Mzima. Yamezunguka kwa Tsavo na Galana mpaka Kilifi, yakavutwa tena kurudi Mombasa. Chemchemi moja, njia mbili, mwisho mmoja, na bado Kongowea mnanunua kwa mtungi. Kwa hiyo aliyeyakunywa maji yako si mtu wa Taru. Anayetaka tugombane wewe na mimi ni yule anayeuza bauza pande zote mbili.

Ndiyo maana naandika sasa, wakati kuna jambo linaloweza kubadilisha hesabu yote. Ni bwawa la Mwache.

Mwache ni mto wetu kwelikweli. Unakusanya mvua ya nyanda za Waduruma na kuiteremsha mpaka hori ya Port Reitz, nyuma ya Mombasa. Kando yake, juu ya korongo, ipo Kaya Mtswakara, moja ya kaya takatifu za Waduruma. Huko chini, Fulugani, ndiko kunakojengwa ukuta wa mita 87.5 kwa mradi unaosimamiwa na serikali kuu na kugharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lengo lililotangazwa ni mita za ujazo 186,000 za maji kila siku. Familia zimeondoka kwenye mashamba yao kupisha maji, na hoja za fidia zimechukua miaka. Lengo kuu ni kukata kiu ya Mombasa. Nyaraka za mradi zinaahidi Kwale mgao na kilimo cha umwagiliaji. Ahadi nimeiona. Lakini maji hayapiti kwenye ahadi, yanapita kwenye bomba, na bomba hupimwa kwa inchi. Bomba la kwenda Mombasa lina vipimo. Lile la kurudi juu, Kinango na Samburu, lina hotuba.

Taru iko juu zaidi ya Mwache, na kupandisha maji kunahitaji pampu, umeme na pesa kila mwezi. Sawa. Kwa hiyo msitupandishie. Fanyeni kitu rahisi zaidi. Mita za ujazo 186,000 ni zaidi ya mara tano ya kile kinacholetwa na bomba la Mzima. Siku Mwache itakapoanza kumnywesha mtu wa Mombasa, achieni Mzima iwanyweshe watu wa njiani: Voi, Maungu, Mackinnon Road, Taru, Samburu, Mariakani. Maji hayo tayari yanateremka yenyewe mbele ya milango yetu. Hayahitaji bwawa jipya wala mkopo mpya wa kulipwa na wajukuu. Yanahitaji maungio halali, matangi, mabomba ya kuingia vijijini, na mtu wa kutia sahihi.

Hicho ndicho ninachodai. Si sadaka. Kifungu cha 43 cha katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Hakikusema kila mtu isipokuwa anayeishi kati ya tangi na mji. Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali za maji ziko mikononi mwa serikali kuu kwa niaba ya wananchi, na inatanguliza matumizi ya nyumbani mbele ya matumizi mengine yote. Serikali ya kaunti nayo imepewa na katiba hiyohiyo jukumu la huduma za maji. Tukienda kaunti tunaambiwa bomba ni la serikali kuu. Tukienda kwa serikali kuu tunaambiwa usambazaji ni wa kaunti. Bomba lenyewe linasikiliza, linaendelea kushuka.

Na tusiogope kuzungumza pesa. Murang'a waliwahi kusimama na kudai mgao wa pesa za maji yanayotoka kwao, bwawa la Ndakaini, kwenda Nairobi. Gavana wao wakati huo, Mwangi wa Iria, alitaka asilimia 25. Watu walicheka, lakini hakuna aliyeuliza tena maji ya Nairobi yanatoka wapi. Sisi Kwale tunatoa Marere, tunatoa Tiwi, tunatoa Mwache, na bomba la Mzima linapita kwetu. Mbona hatujawahi kumsikia mheshimiwa wetu yeyote akitamka asilimia? Wakati wa kampeni wanakuja na bauza. Bauza! Mtu anayeweza kutunga sheria anakuletea maji kwenye lori, unampigia makofi, na jioni lori linaondoka na kura yako.

Kwa hiyo, vijana wenzangu wa Kwale mlio Ukunda, Likoni, Nairobi, Doha, popote mnaposomea hii kwenye simu: tuache kucheka tukiitwa watu wa jangwani. Mtu akisema jangwa, mwambie kuna bomba. Akisema hakuna pesa, mwambie asilimia 3. Akisema mtaiba, mwambie tunalipa shilingi 1,000 kwa mita ya ujazo na hatujaandikiwa hata risiti. Na akisema mradi unakuja, usimwulize lini, maana hilo wamezoea kulijibu.

Vikao vya ushirikishwaji wa umma huitwa kwa tangazo dogo, siku ya kazi, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi ulio mbali na wanaohusika. Wanaofika ni wazee wachache, posho ya nauli, soda, na sahihi kwenye karatasi ambayo baadaye itaitwa ridhaa ya jamii. Nendeni. Bebeni simu mrekodi. Mkipewa nafasi ya kuuliza, msihutubu. Ulizeni swali moja tu, na msikae chini mpaka lijibiwe kwa namba: bomba la kwenda vijijini lina inchi ngapi, na linaanzia kwenye valvu gani?

Kama hakuna namba, hakuna bomba. Na kama hakuna bomba, msitie sahihi.